Kisahani cha Manong

Mwanaisha mamangu,

Salamu nimekupa mlangoni ulipotoka na wenzako kwenda kuagana, kwa hiyo hapa sizirudii. Wala sikuandikii habari ya pasipoti, wala sweta ya ndegeni, wala mtu asikushikishe mzigo wake. Hayo umeambiwa na jengo zima mpaka mlinzi. Nakuandikia Kiswahili maana Kiingereza changu ni cha godauni, kinajua kushusha na kupakia na khalas, na hili ninalotaka kukwambia halimo ndani yake.

Jikoni kuna tui motoni. Napika biko, ule wali mtamu wa nazi wa kina mamako. Ndiyo, mimi. Usicheke. Nitakuwa naandika nikiinuka kukoroga, kwa hiyo ukiona alama ya mafuta kwenye karatasi ujue ni kidole cha babako.

Juzi Lola, bibi yako wa Ufilipino, alipiga. Wajua desturi yake: akipiga video akanikuta mimi, hunionyesha dari ya nyumba yake mpaka wewe uje. Ile dari naijua kuliko ya kwangu. Safari hii alinionyesha uso. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kilichovunjikavunjika, ambacho nakielewa vizuri kwa sababu ni ndugu wa changu: "Hamisi, umemwambia?"

Nikasema bado, Nanay, bado mama.

"Basi mwambie. Ndege ikitua huku ni zamu yangu. Na mimi sipunguzi."

Akazima. Kwa hiyo hii barua naandika nikikimbizana na bibi yako. Nataka ulisikie kwangu kwanza. Baada ya hapo, kama utataka kunipigia simu ukifika au hutataka, hilo ni lako.

Ukiingia kwa Lola utaona rafu ya picha sebuleni. Iko ya babu yako, iko ya mamako. Na mbele ya picha kuna kisahani kidogo cheupe. Kila akipika kitu kitamu, Lola hukata pembe ya kwanza kabla mtu hajaonja, akaiweka pale. Huko kwao kaskazini wanaita atang, chakula cha waliotangulia. Utadhani ni cha mamako. Mamako ana chake. Hicho cheupe ni cha Manong.

Najua utasema Manong ni yule rafiki yako wa dirishani wa utotoni, uliyemzua mwenyewe. Hukumzua, mamangu. Manong kwa lugha ya kina mamako ni kaka mkubwa. Ulikuwa na kaka. Alizaliwa kabla yako, hapa hapa Dubai, na amezikwa hapa hapa. Ana jina, nilimpa mimi mwenyewe, na nitakuandikia hapa, lakini nivumilie kidogo. Sijalitamka tangu siku tuliyomzika, na mkono wangu unalizunguka kama gari linalotafuta pa kuegesha.

Ngoja nikoroge.

Nimerudi. Tui bado linachemka, halijaachia mafuta.

Unajua nilivyokutana na mamako, lakini unaijua ile hadithi ya kuchekesha, tunayowaambia wageni. Nilikuwa bado nalala chumba cha watu sita huku International City, yeye yuko ghorofa ya juu na wenzake wa saluni. Ijumaa walikuwa wanapika vitamu na kuwauzia majirani. Siku moja kanishika mlangoni na bibingka, iko juu ya jani la mgomba, uso umeungua kidogo. Nikaonja. Nikasimama pale kama niliyepigwa kofi. Nikamwambia, dada, hii ni mkate wa sinia wa bibi yangu wa Likoni. Unga wa mchele, tui la nazi, moto juu na moto chini. Akaniambia, "Hapana, hii ni bibingka ya lola wangu." Nikamwambia bibi yangu hajawahi kutoka Likoni, kwa hiyo lola wako ndiye aliyeiba. Alicheka mpaka akakaa ngazini. Jina lake lilikuwa Luz wakati huo. Alipoingia dini akachagua Nuru, akasema maana ni ile ile, sasa hakuna haja ya kuzoea jina jipya.

Aliacha mengi, mamako. Aliacha nguruwe, aliacha kanisa, aliacha Krismasi yao ambayo huanza miezi kabla. Hakuna alichonung'unikia. Alijifunza Kiswahili akanizidi kwa matusi. Nilimwoa nikaona mimi ndiye mtoaji na yeye ndiye mpokeaji, kwa sababu mimi nilikuwa nimempa dini na jina na nyumba. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Leo nikiandika naona haya.

Kakako alizaliwa kabla ya wakati. Mdogo, mamangu, mdogo sana, mkono wake ungeingia kwenye pete. Walimweka kwenye kile kisanduku cha joto, na chumba chenyewe kina kioo kikubwa, wazazi mnasimama nje. Mamako alikuwa anasimama kwenye kile kioo mpaka nesi anamletea kiti. Anaweka kiganja pale, anaongea naye kwa Kiilokano, lugha ya kwao, mvuke wa pumzi yake unatanda kwenye kioo, anaufuta, anaendelea. Wiki mbili hazikutimia.

Tulimzika sisi wanaume. Mchanga, jiwe dogo, basi. Mamako alitaka kwenda siku zilizofuata nikamwambia wanawake hawaendi makaburini. Sikumuuliza mtu yeyote kama ni kweli. Lilinijia tu mdomoni, kwa sababu mimi sikutaka kwenda. Halafu nikamwambia jambo jingine, nikidhani namsaidia: tusimtaje, Nuru, tukimtaja hatutapona. Akanitazama. Akasema sawa.

Ukazaliwa wewe, mzito, mwenye kelele. Nikampigia mamangu mzazi Mombasa nikamwambia nimekupa jina lake, na tukafurahi, na nikaona khalas, yale yamekwisha.

Lakini mamako alikuwa na kisahani chake. Kila akipika biko, alikuwa anakata pembe ya kwanza, anaiweka kwenye kisahani cheupe, anakisogeza kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, kando ya kioo. Mara ya kwanza nilimuuliza, akaniambia, "Siabudu kitu, Hamisi. Namwekea. Kwenu mtu wa nyumbani akichelewa hamumwekei?" Nikatoka jikoni. Wala sikumuuliza kwa nini dirishani. Nimekuja kuelewa majuzi tu, mtu mzima na mvi zangu, nikisimama pale pale. Yeye alikuwa amemzoea mwanawe upande wa pili wa kioo.

Wewe ulipoanza kutembea ikawa kazi yako kubeba kile kisahani. "Mpelekee Manong." Unatembea kwa mikono miwili, ulimi nje. Ukikiweka unakaa pale chini unamsimulia habari za chekechea, nani kampiga nani. Na baadaye unakila mwenyewe. Mamako anacheka, anasema, "Haidhuru, kaka kagawa." Mimi nikisikia natoka naenda kukaa sebuleni na sauti ya televisheni juu.

Na kitu kingine sikuwahi kumwambia mamako, mwanangu, na hiki ndicho kinachoniuma zaidi. Bibi yangu wa Likoni alikuwa akifanya jambo linalofanana na hilo. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa alifukiza ubani, akakata mkate wa sinia, akatugawia watoto wa mtaa, na kila kipande anataja jina: hiki cha mjomba wako, hiki cha binti yangu aliyekufa mchanga. Tunakula tunaitikia. Nilikua nikiona. Halafu nikaenda shule, wenzangu wakawa wanacheka, ati bibi yake Hamisi analisha mizimu. Nikamkana. Nilikuwa namkana bibi yangu mzazi huku nina mkate wake tumboni. Kwa hiyo mamako aliposogeza kisahani dirishani mimi nilijua kabisa anachofanya. Mtu asiyejua unaweza kumsamehe.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nimechelewesha vya kutosha.

Shangazi yako Mwanajuma alikuja kututembelea kutoka Mombasa, wewe ndio umeanza darasa la kwanza. Mamako yuko kazini saluni. Shangazi yako anaingia jikoni anakukuta umekaa chini ya dirisha unaongea peke yako, kisahani juu ya kizingiti. Wamjua shangazi yako, mdomo wake hauna breki.

"Ee kaka! Kumbe hapa mna mgeni na hamjanijulisha? Nani huyu anayepewa sahani kabla yangu mimi niliyetoka safari?"

Ukamjibu wewe: "Ni ya Manong, shangazi. Anapenda pembe iliyoungua."

Nikaona uso wake unabadilika. Akanivuta kando. "Hamisi, huyu mtoto ana mtu, ana pepo."

Pale, mamangu, ningesema neno moja. Ni kakake, Mwanajuma, wamkumbuka, yule tuliyemzika. Shangazi yako angelia, angekukumbatia, angepika biko nyingine. Namjua. Lakini niliona akirudi Mombasa akisimulia kwamba mke wa Hamisi hajaacha ya kwao, anaweka vyakula dirishani. Nikasikia wale watoto wa shule wakicheka. Nikanyamaza. Na yeye, kwa mapenzi yake kwako, jioni ile ile akamleta maalim anayemfahamu Deira, mtu wa kwetu, mtu mzuri sana, simsemi vibaya.

Maalim akakukalisha kwenye zulia. Akakuuliza kwa upole Manong yukoje. Ukamwambia hana sura, yuko nje ya kioo. Maalim akanigeukia mimi. Aliuliza vizuri, akanipa na nafasi, maana alikuwa mtu mwenye akili: "Baba, huyu Manong wewe wamjua? Kuna mtu katika familia anaitwa hivyo?"

Nikasema, "Sijui."

Ndiyo hiyo. Neno moja. Nimeshusha makontena mengi mgongoni kabla hatujapata foklifti, sijawahi kubeba kitu kizito kama hicho kineno.

Basi akafanya kazi yake kama alivyoambiwa. Akakusomea, akakupulizia, akakunywesha maji ya kusomewa. Ulilia. Ulikuwa unamwambia, "Asiende, hajamaliza kula." Akaniambia kile chakula kiondolewe. Nikakichukua kile kisahani mimi, kwa mkono huu unaoandika, nikakung'uta biko kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya vitunguu. Shangazi yako akasema alhamdulillah.

Mamako akaingia. Bado ana harufu ya rangi za kucha, mfuko wa sokoni mkononi. Akatuona sote kwenye zulia. Akaona dirisha tupu. Akaja jikoni, akatazama pipa, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, ili wageni wasisikie, kunistahi mimi:

"Umemfukuza nani, Hamisi?"

Akawaandalia wageni chai. Akawaletea na puto, zile nyeupe za kupika kwa mvuke, na shangazi yako akazisifu, akasema ni kama vitumbua vilivyooshwa. Mamako akatabasamu. Nilimwona akitabasamu, na nikajiambia, unaona, limepita.

Tangu siku ile hukumtaja tena Manong. Walikusifu kwamba umepona. Mamako naye hakupika tena biko. Kila kitu kingine alipika: leche flan ya Idi, ile keki ya muhogo unayoipenda, puto za kupeleka shule. Biko, hapana. Ukimuuliza anasema mchele wa kunata umepanda bei. Na kile kisahani cheupe kikatoweka kabatini. Nilidhani amekivunja. Kumbe alimpa mwenzake aliyekuwa anarudi kwao, akampelekea Lola. Alimhamisha mwanawe, mamangu. Alimtafutia nyumba nyingine ya kula, kwa kuwa kwa babake amefukuzwa.

Subiri.

Limeachia mafuta. Hapa ndipo watu wanapoharibu, na nimeharibu mara nyingi mwaka huu ukiwa chuoni. Ukiona mafuta yanajitenga unafurahi unaongeza moto, na zile chembe za nazi zinaruka kutoka nyeupe mpaka nyeusi hujapepesa jicho. Punguza moto. Simama hapo. Zikiwa rangi ya kahawia kama mbegu za tende, zichuje haraka. Hizo ndizo za kunyunyiza juu. Mafuta yake unapaka jani la mgomba, ukishalibabua jani kidogo lisipasuke. Nilijifunza kwa kubahatisha. Aliyekuwa anajua nilimnyamazisha, kwa hiyo nimekula biko nyingi chungu, na nilistahili.

Ya hospitali, mamako alipougua, uliyajua mengi, ulikuwapo. Hili hukuwapo, ulikuwa umekwenda kuoga nyumbani. Siku zile za mwisho mamako aliomba biko. Baada ya miaka yote ile. Nikaenda Satwa kwenye duka la Wafilipino, nikamletea, bado ina joto. Akaitazama. Akachukua kijiko cha plastiki, akakata pembe. Akaiweka kwenye kifuniko. Akaniomba nimsogezee dirishani.

Nikamsogezea. Wallahi nilimsogezea.

Halafu wakapiga simu wenzangu wa msikitini, wako chini, wanapanda kumwona mgonjwa. Na mimi, Mwanaisha, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikachukua kile kifuniko nikakifunga kwenye tishu nikakitia kwenye pipa chini ya kitanda. Nikidhani amelala.

Hakuwa amelala. Akaniambia, "Bado, Hamisi?"

Tu. Bado? Kama mtu anayekuuliza kama mvua imeacha. Wakaingia wale wenzangu, wakaomba dua, nikaitikia amin. Wiki ile hakuimaliza.

Mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kujidanganya nayo, nikasema dini, nikasema maalim. Mara ya pili sina. Hao wenzangu ni watu wazima, wana wafu wao. Nani angeuliza habari ya kipande cha wali mtamu kwenye kifuniko? Hata wangeuliza, hao ndio wangenifundisha la kufanya, wangeniambia mtolee sadaka, mwombee. Sikumwaga kwa sababu ya Mungu. Nilimwaga kwa sababu ya aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya uwanja wa shule, wala haikumhusu mwanamke huyu aliyetoka mbali akaniamini.

Tangu alipofariki, wewe unajua nyumba hii ilivyo. Nilijifanya sijui. Ile harufu. Tumekaa, jiko limezimwa, na nazi inaungua. Nikamwita fundi wa gesi, akaingiza pua kila mahali, akasema, "Sir, hii si gesi, kuna mtu anapika kitamu." Nikagonga kwa yule kijana wa Kifilipino wa mlango wa pili, akafungua na pakiti ya tambi mkononi, akasema, "Boss, ningekuwa najua kupika hivyo ningekuwa nimeoa." Nikacheka naye. Nikarudi ndani, harufu iko pale pale, kando ya dirisha, na kwenye kioo mvuke mdogo kama kiganja. Nikaufuta. Kesho yake upo. Kiyoyozi, nikajiambia. Pengine ni kiyoyozi. Mpaka leo naufuta kila asubuhi, na kila asubuhi napima kimo chake, na uko pale ambapo mtu mfupi angeweka mkono. Mamako alikuwa mfupi. Lakini pengine si yeye. Nahesabu umri ambao yeye mwingine angekuwa nao sasa, nashindwa kujua angekuwa na kimo gani.

Na wewe. Asubuhi moja baada ya arobaini nilikukuta umesimama pale, midomo inacheza. Nikakuuliza unaongea na nani. Ukasema, "Na simu, baba." Simu yako ilikuwa sebuleni inachaji. Nikaona vile unavyojua kunidanganya kwa upole, na nikajua nani alikufundisha. Mtoto wa darasa la kwanza alifundishwa kwenye zulia lile kwamba anayempenda lazima amfiche babake. Nisamehe kwa hilo kabla ya mengine yote.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi yako nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanitukana, mamangu, matusi ya Likoni, ya kina mama wa gatini. "Mpumbavu wewe! Mtoto wa ndugu yangu, nimwitie maalim? Mimi ningempikia mwenyewe! Ungeniambia!" Akalia. Akasema tena, "Si ungeniambia tu." Miaka yote niliyokuwa namwogopa, kumbe namwogopa mtu asiyekuwapo. Huyo ndiye pepo peke yake aliyekuwa nyumba hii, na alikuwa anakaa kwangu mimi.

Sikupi wosia. Sijui hukumu ya kisahani, mimi si mwanachuoni. Utakutana na wajuao wakuambie hiki hapana, hiki ndiyo, na wewe una kichwa kuliko mimi. Najua tu kwamba palikuwa na njia za kumkumbuka kaka yako, ya mamako na ya bibi yangu, na mimi nilizijua zote mbili nikaziziba zote mbili. Siku utakapopenda mtu, na akaja na kidude chake kutoka kwao ambacho kitakuaibisha mbele ya watu, muulize ni cha nani. Ukiambiwa, kaa nalo jina hilo. Usilifanyie haraka kama nilivyofanya.

Wali umeiva. Nimeumimina kwenye tui la sukari nimeukoroga mpaka mwiko unasimama wenyewe na sufuria inaonyesha chini. Mkono unauma. Mamako alikuwa anafanya hivi baada ya kusimama saluni siku nzima, na mimi niko sebuleni.

Nimeutandaza kwenye bati lenye jani. Ukirudi utalikuta limefunikwa juu ya meza, likipoa. Utasafiri nalo, limefungwa vizuri, wenyewe wa njia ile wanabeba biko kama sisi tunavyobeba haluwa, hakuna atakayekushangaa. Utaona pembe moja haipo. Usidhani nimeonja.

Iko dirishani. Nimetumia sahani ya kikombe cha kahawa, ndiyo nyeupe iliyobaki. Vipande vya bati dogo ninalobaki nalo nitawagawia asubuhi watoto wa korido kabla hawajapanda basi la shule, na nitataja jina kila kipande, kama bibi yangu. Nimejaribu sasa hivi peke yangu jikoni, kulitaja. Mara ya kwanza halikutoka. Ya pili likatoka kama la mtu mwenye mafua. Kioo kikafanya mvuke, ni pumzi yangu, nilikuwa karibu. Sikuufuta.

Barua hii isome kwenye ndege, si hapa. Hapa utanitazama na mimi nitaanza kusema habari za sweta. Nikukumbatie pale uwanja wa ndege nikiwa bado babako wa jana. Halafu ukishajua, chagua. Usiponipigia, nitaelewa, na nitaendelea kupika, najua pembe ipi anaipenda.

Ila naomba kitu kimoja, mamangu, na si kwa ajili yangu. Ukifika kwa Lola, kabla hujaketi, kata pembe iliyoungua. Shika kile kisahani cheupe kwa mikono miwili, kama zamani. Lola atakuuliza ni ya nani, ataka kuona kama nimekwambia. Mwambie ni ya Yusuf bin Hamisi. Mwambie babake ndiye aliyempikia.

Babako,
Hamisi